Baba wa Kichina na utundu wa mtoto: niliyoyaona Guangzhou

Mkuu, umeuliza kama watoto wa Kichina wametulia kwa sababu baba zao ni wakali, ili na wewe umwongezee mwanao fimbo. Nimekaa Guangzhou kwa shughuli za mzigo, nikipanga jengo lililojaa familia za wenyeji. Ukali haukuwa dawa. Kilichokosekana ni baba mwenyewe.

Kwanza hilo la kutulia lisahau. Jirani yangu alikuwa na kijana wa miaka minne. Jioni bibi yake anamkimbiza koridoni na bakuli la uji wa mchele, mtoto anatema, anapiga milango ya watu mateke. Baba anarudi usiku. Kule, hasa kampuni za teknolojia, watu hupiga kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ingawa mwaka 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya China ilisema ratiba hiyo inavunja sheria. Basi baba akifika ni kusikiliza mashtaka ya bibi, kofi, kulala. Kesho utundu uleule.

Baadaye akabadilishiwa muda wa kazi, akaanza kumpeleka chekechea kwa pikipiki ya umeme. Mtoto kasimama mbele, kashika vioo, anamtajia baba namba za mabasi. Taratibu mateke yakapungua. Siwezi kuapa ni pikipiki, maana kipindi hichohicho bibi alirudi kwao Sichuan, na yeye ndiye aliyekuwa akimkingia kifua mjukuu kila mama akikataza kitu. Halafu mtoto akitulia, baba naye hupenda zaidi kukaa naye. Sasa nani alimbadilisha mwenzake?

Wenye hali ngumu ni wale wa vijijini. Usajili wa makazi, unaomhesabu mtu kuwa wa kijiji alikosajiliwa hata akihamia mjini, hufanya shule ya mjini iwe shida kwa mtoto wa mhamiaji, hivyo wengi huachwa kwa babu na bibi, na baba yao wanamwona Mwaka Mpya wa Kichina tu. Kiwandani nilikochukulia mabegi kulikuwa na fundi aliyempigia binti yake simu ya video kila jioni, akiuliza masomo tu. Binti anageuzia kamera darini.

Tangu Januari 2022 wana sheria ya malezi inayotaka baba na mama washiriki wote, lakini bosi bado ndiye anayeamua utoke saa ngapi.

Wewe umesema umejiajiri. Fimbo iache kwanza, mpeleke shule mwenyewe muhula huu, kisha urudi hapa utuambie.