Shemeji hauzwi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni mnyama yupi wa shamba lenu ambaye hamwezi kumuuza hata mkipewa bei nzuri, na kwa nini? Nadhani mtapokea barua nyingi za ng'ombe wa maziwa. Wetu ni farasi dume. Najua hapa Nairobi ukitaja farasi watu hufikiria matajiri wa Karen, lakini sisi tuko upande wa Dagoretti, kwenye shamba la babu lililobanwa na maploti pande tatu, na farasi huyu alifika kwetu kwa njia ya ajira.

Baba alikuwa saisi. Miaka mingi alilisha, kusugua na kutembeza farasi wa mbio wa watu wengine karibu na uwanja wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954. (Kabla ya hapo mbio zilikuwa upande wa Kariokor. Barabara ya Racecourse ingalipo, ila siku hizi zinazoshindana hapo ni matatu.) Farasi wa mbio huanza kazi akiwa na miaka 2, na wengi huishia mapema. Huyu aliumia kano ya mguu wa mbele. Kano ya namna hiyo hupona, lakini haiaminiki tena kwa mbio, na mwenyewe hakutaka kuendelea kulisha farasi asiyeshindana. Akamwambia baba, mchukue, ila mhasi kwanza.

Sasa, baba ndiye mtu wa kwanza kukuambia dume ahasiwe. Ana msimamo mkali kuhusu hilo: madume mengi hayastahili kuachwa, na wanaoyaacha hufanya hivyo kwa sifa tu. Huyu alimwacha kwa sababu alikuwa amemshika tangu akiwa mdogo na kuona jambo moja. Ndoo ikianguka nyuma yake, farasi wengine walirusha mateke au kukata kamba. Yeye aligeuza shingo kuangalia ni nini, kisha akarudi kula.

Jina lake la mbio ni refu na la Kizungu. Vijana wanaotusaidia shambani walimwita Shemeji, kwa ajili ya wale wageni wa kike wanaoletwa kwake wakisindikizwa na jamaa zao, na jina likashika. Hata daktari wa mifugo humwita hivyo.

Tuje kwenye hesabu, maana najua ndilo swali la pili. Farasi wa kilo kama 500 anakula kilo 10 hivi za nyasi kavu kwa siku, anakunywa lita 30 na zaidi, na fundi wa kwato anamhitaji kila baada ya wiki sita hivi. Kiangazi kikikaza, bei ya marobota ya Boma Rhodes hupanda mpaka unajiuliza kama nyasi hizo zilimwagiliwa maziwa. Ada ya kupandisha haimlishi mwaka mzima. Kinachotuokoa ni samadi: wakulima wa uyoga huigombania kutengeneza mboji yao. Kaka yangu, anayefanya kazi mjini, amepiga hesabu ya nusu ekari ya Shemeji ikikatwa maploti, na simlaumu. Hesabu yake ni sahihi. Mzee husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza kama kuna mtu amefunga maji.

Ng'ombe wetu hupandishwa na kijana wa pikipiki anayekuja na mtungi wake wa mbegu, dakika kumi ameondoka. Kwa farasi wa mbio wa damu safi hilo halipo. Popote duniani, aliyezaliwa kwa mbegu ya sindano haandikishwi katika daftari la ukoo wao. Lazima dume na jike wakutane, na hapo ndipo kazi ya mwenye dume inapoanza.

Jike akishushwa kwenye lori huachwa apumzike, kisha husimamishwa upande mmoja wa ubao mnene uliofika kifuani, na Shemeji huletwa upande wa pili. Baba hushikilia kamba bila kuivuta. Shemeji hunusa shingo, hunusa ubavu, kisha huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu mpaka ufizi wote uonekane. Mgeni hucheka akidhani farasi anacheka, kumbe anavuta harufu juu, kwenye kiungo maalumu kinachomweleza hali ya jike. Jike ambaye hajawa tayari hulaza masikio, hupiga ukelele mwembamba na kuutandika ubao kwa kwato za nyuma. Basi imeisha. Baba humgeuza dume wake na kusema, "Kesho." Mwenye jike anaweza kuwa ametoka Naivasha alfajiri na ana haraka ya kurudi, jibu ni lile lile. Mzunguko wa jike ni siku 21 hivi, na siku anazokubali ni kama 5 hadi 7. Aliye tayari utamjua: anatulia, anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo. Hapo mkia wake hufungwa bendeji na shughuli ni ya dakika chache tu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wageni wengi hawakioni. Shemeji ana hatamu mbili. Ya kamba ni ya kutembea, kuoga, kupimwa na daktari. Ya ngozi, yenye lijamu na mnyororo mdogo unaolia, ni ya siku ya jike pekee, na huning'inizwa mahali pake. Akivishwa ya kamba, unaweza kumpitisha mbele ya jike aliye kwenye joto na akakufuata mpaka bombani, akinung'unika tu. Akisikia ule mnyororo, anajua. Baba hajawahi kuzichanganya, hata siku ile ya mvua hatamu ya kamba ilipokatika na ya ngozi ikawa ndiyo iliyo karibu. Alitumia taulo.

Hilo ndilo jibu langu kwenu. Wanaokuja na bei nzuri wanataka kununua utulivu wa Shemeji, na utulivu huo nusu yake uko kwa mzee na hatamu zake mbili. Mnunuzi angepakia nusu iliyobaki kwenye lori na baada ya miezi michache atupigie simu kusema tulimuuzia mnyama mkali.

Tabia ya dume hurithiwa kwa kiasi, siwezi kubisha: mmoja wa watoto wake anatumiwa kuwafundishia wanaoanza kupanda farasi huko Karen, na anawavumilia. Hata hivyo baba humwangalia jike kwanza, kwa sababu ndiye anayebeba mimba ya miezi 11 na kumlea mtoto kila siku, akimfundisha nani wa kuogopwa. Jike mwenye kuuma watu hukataliwa hata mwenyewe akiongeza ada. Amewahi kukataliwa pia bwana mmoja aliyekuja na punda jike akitaka mtoto mwenye nguvu wa kuvuta mkokoteni. Baba alimweleza kwa upole kwamba wanaotafuta mnyama wa namna hiyo huchukua punda dume na farasi jike, akampa chai, akamsindikiza.

Jambo ambalo halina mjadala ni chanjo. Kuna homa ya farasi inayoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo huuma tangu magharibi hadi alfajiri na huzidi baada ya mvua. Farasi asiyechanjwa anaweza kuwa mzima asubuhi na kufa kabla ya wiki kwisha, povu likimtoka puani. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na wa Mbuga ya Nairobi hawako mbali nasi. Ndiyo maana Shemeji huingia bandani kabla jua halijatua, hata kukiwa na mgeni anayetaka kumpiga picha.

Siku hizi kamba naishika mimi, baba akiwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, akisahihisha. Mwaka huu tuna dume mdogo wa Shemeji ambaye naona angefaa kuachwa. Mzee amemtazama mara kadhaa ndoo zikianguka na ameshaamua atahasiwa. Wenye majike, basi, bado ni kwa Shemeji mwenyewe: njooni masika yakiisha, na kadi ya chanjo iwe mkononi, kwa sababu mzee huiomba kabla hajauliza hata jina lako.