Kabla ya kununua miche, ulizia udongo

Juzi kaka mmoja wa Mubende, hapa Uganda, kaniandikia. Karibu na kwao kuna machimbo ya dhahabu yaliyobaki wazi tangu wachimbaji walipotimuliwa 2017, na kikundi chao kimechanga pesa za mikaratusi. Anataka kujua miche ipandwe kwa nafasi gani. Kaka, unaezeka nyumba isiyo na ukuta!

Mimi kazi hii ya kurudisha kijani kwenye machimbo niliijulia Tororo, kwenye shimo la mawe ya chokaa upande wa Osukuru. Wenye shimo walikuja na fulana mpya, wakubwa wakashika miche, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Kiangazi hakijakolea, majani yakawa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Chokaa ikizidi, mti hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Na malori yalikuwa yameshindilia chini mpaka jembe linadunda.

Tukabaki sisi vibarua wa kitalu. Pembeni kulikuwa na lundo limeota magugu, kila mtu akiliita takataka. Ulikuwa udongo wa juu, uliokwanguliwa shimo lilipofunguliwa! Tulipasua sakafu kwa sururu tukifuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa, tukautandaza, tukafunika kwa nyasi za jirani zilizokatwa zikiwa na mbegu. Kisha tukachomeka matawi manene ya mutuba, aina ya mtini, maana huo huota bila mche. Ukishazaa, ndege hufuata matunda, nao huangusha mbegu za miti ambayo hakuna aliyeipanda.

Leo pale ni kijani. Kwenye ripoti yao wenye shimo wameandika ni miche yao iliyoshika. Inaniuma mpaka kesho, lakini mteremko unanijua.

Basi vijana wenzangu, tuache kupenda picha. Udongo wa juu utengwe siku ya kwanza, lundo lisipite mita mbili, wala lisikae miaka, vijidudu vyake hufa. Mkiwa na kampuni inayotaka kuchimba kwenu, hilo liandikwe kabla tingatinga halijashuka. Sheria ya Mazingira ya 2019 inaruhusu NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, kumwamuru mharibifu arudishe ardhi. Huko Mubende, palipooshwa dhahabu kwa zebaki msipande chakula, hata mchicha.

Halafu mbuzi. Watu huniuliza mbegu, mbolea, mvua. Mbuzi hawatajwi kabisa, na ndio wanaomaliza kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Sehemu ya pesa za miche imlipe mchungaji wa kuwazuia, tena alipwe kila mwezi.