Kwenda saa sita, kurudi saa nne: mbona Maskati haina umbali mmoja?

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Mwanangu aliyeolewa Maskati amejifungua, nami nimekatiwa tiketi nikamwangalie mzazi. Kwenda, naondoka Unguja 15:35 nafika 22:00. Kurudi, naondoka Maskati Jumamosi 01:20 nafika 05:50. Mbona kurudi ni kufupi hivyo? Au ndege husukumwa na kaskazi? – Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na hongera kwa mjukuu.

Kaskazi ni pepo za majahazi, huku chini. Ndege hupita juu kiasi cha kilomita 10, na huko pepo ni nyingine. Kinachokuchanganya ni saa. Tiketi huandika kila saa kwa majira ya mji wenyewe, na Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Ukitua Maskati saa nne za usiku, Unguja ni saa tatu. Basi hesabu kwa saa yako ya mkononi bila ya kuigusa: kutoka saa tisa na dakika 35 mpaka saa tatu ni saa 5 na dakika 25. Kurudi, saa saba na dakika 20 ya Maskati kwetu ni saa sita na dakika 20. Mpaka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, yaani 05:50, ni saa 5 na nusu. Safari ni ile ile.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 3,900. Ndege ikishatulia juu huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa, kwa hiyo ungetegemea saa nne na nusu hivi. Zinazobaki ni za kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kufuata njia zilizopangwa angani, maana muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka isimame tena.

Sasa hapa ndipo ninapokuomba uwe makini: hiyo Jumamosi 01:20. Nimekata tiketi Darajani miaka mingi, na kuna mama mmoja nilimwandikia kwenye bahasha, kwa mkono wangu, «Jumamosi saa saba usiku». Akaenda uwanjani Jumamosi baada ya Isha, na halua zake na mabegi yamefungwa kamba. Ndege ilikuwa imeshaondoka usiku uliopita. Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo linaniuma. Sisi wengine usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi, wengine ni ule unaofuata mchana wake. Tiketi hubadili tarehe saa sita ya usiku, basi.

Kwa hiyo wewe unatoka nyumbani kwa mwanao Ijumaa. Saa nne za usiku, kwa saa za Maskati, uwe umeshafika uwanjani. Mwambie mkweo leo, na aandike kwenye kalenda «Ijumaa», si «Jumamosi». Anayekuja kukupokea Unguja ndiye wa Jumamosi: akishaswali alfajiri, aje.