Titi Likivimba Bila Donge, Usirudie Antibayotiki

Tumefundishwa kutafuta donge. Lakini ipo saratani ya matiti ya uvimbe (kwa Kiingereza inflammatory breast cancer), ambayo mara nyingi haina donge la kushikika, na sura yake ni ya maambukizi ya kawaida. Ni nadra: Marekani ni asilimia 1 hadi 5 ya saratani zote za matiti. Ubaya wake ni kasi.

Chembe za saratani huziba mishipa midogo ya limfu (inayoondoa majimaji ya mwili) ndani ya ngozi, maji yakakosa pa kupitia. Kwa wiki chache tu titi moja huwa kubwa, zito na lenye joto, na ngozi huingia vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu huweza kuzama. Wekundu unaotajwa sana hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Angalia rangi ya zambarau, weusi uliozidi, au ngozi iliyokaza. Linganisha matiti yote mawili mbele ya kioo, mchana. Sidiria kubana upande mmoja si jambo la kupuuza.

Wakati hupotelea kwenye duka la dawa la mtaani: antibayotiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maambukizi ya mama anayenyonyesha huanza kupungua ndani ya siku chache za dawa. Dozi ya siku 7 hadi 10 ikiisha titi likiwa vilevile, dai biopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama ya titi. Kama hunyonyeshi, usingoje hata dozi iishe.

Mamogramu (eksirei ya titi) ikiwa safi isikurudishe nyumbani, kwani huweza kuonyesha unene wa ngozi tu. Inahitajika ultrasaundi ya titi na kwapa, biopsi ya sindano nene na kipande cha ngozi. Kinyama kipimwe pia vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayochochea saratani kukua), maana HER2 ikizidi kuna dawa inayoilenga, trastuzumab.

Mpangilio wa tiba ni kemo (dawa za kuua chembe za saratani) kwanza, kisha kuondoa titi lote na tezi za kwapani, kisha mionzi. Ukiambiwa upasuaji utangulie, tafuta maoni ya pili kwa wataalamu wa saratani; kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au KUTRRH (hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta). Kisu kikitangulia, chembe hubaki kwenye ngozi.

Ikigunduliwa huwa tayari angalau hatua ya 3 kati ya 4. Takwimu za Marekani: takriban wagonjwa 4 kati ya 10 huvuka miaka 5, zaidi ikiwa haijafika viungo vya mbali, na zaidi tena kemo ikiifuta yote kabla ya upasuaji. Kwa hiyo mizunguko ya kemo isikatike. Kabla ya ule wa kwanza, hakikisha usajili wako wa SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) uko sawa, na uulize hospitali ni mizunguko mingapi italipiwa.