Je, tumrudishe mtoto wa kulea kwa sababu atakuwa ajinabi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi na mume wangu, wakazi wa Mombasa, hatujajaaliwa mtoto. Tulimchukua kwenye makao ya watoto msichana aliyeokotwa, sasa ana miezi minane. Baba mkwe anasema kuasili ni haramu na akibaleghe atakuwa ajinabi kwa mume wangu (mtu anayeweza kuoana naye, hivyo lazima ajistiri mbele yake), kwa hiyo tumrudishe. Nalia usiku. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Dada yangu, futa machozi. Msimrudishe.

Kilichokatazwa katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na 5, ni kumnasibisha mtoto na asiyemzaa. Aya hiyo ya tano inasema baba zao wasipojulikana, basi ni ndugu zenu katika dini. Ndugu hafukuzwi nyumbani! Zayd, mtoto wa kulea wa Mtume, alirudishiwa nasaba ya baba yake mzazi, Haritha, na mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwa Zayd hayakupungua. Mafaqihi wetu wameandika kuwa kumwokota na kumtunza mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi, wengine huondokewa nao. Na huyo anayehofia uajinabi wa miaka ijayo anataka kumpeleka wapi? Bwenini, ambako walezi hubadilishana zamu na hakuna hata mwanamume mmoja aliye maharimu wake (ndugu asiyeweza kumwoa), kisha akitimiza miaka 18 atoke bila pa kurudi. Huko ni kuikimbia shubuha, yaani jambo lenye shaka, kwa kumdhulumu yatima.

Uajinabi una dawa, na muda mnao: kunyonya huleta umaharimu, basi anyonye kabla ya kutimiza miaka miwili ya Hijria. Katika madhehebu ya Shafi ni mara tano zilizo mbalimbali. Maziwa ya kukamuliwa yanafaa, lakini yakikamuliwa mara moja na kunyweshwa mara tano, huhesabiwa moja. Wengi hukosea mnyonyeshaji. Dada yako akimnyonyesha, utakuwa khalati yake wewe (mama mdogo au mkubwa), na mumeo atabaki ajinabi. Anyonyeshwe na dada wa mumeo, naye mumeo awe mjomba wake. Au unyonyeshe mwenyewe. Daktari anaweza kukusaidia maziwa yatoke bila mimba. Hapo atakuwa mwanao wa kunyonya, na kwa mumeo ni binti wa mke aliyemwingilia, basi ni maharimu wake. Andikeni tarehe na mashahidi, asije akaozwa ndugu yake wa kunyonya.

Serikalini, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba. Nendeni kwa afisa wa watoto, mwombe hiyo, wala msitie saini fomu za kuasili, kwani huwafanya nyinyi wazazi wa kumzaa kisheria. Jina la mumeo lisiandikwe penye baba; aitwe binti Abdallah. Tunzeni nakala ya ripoti ya polisi ya siku alipookotwa: huenda siku moja ndiyo itakayomfikisha kwa jamaa zake.

Hawarithi, hata kwa kunyonya. Mpeni zawadi mkiwa hai, au muusie hadi theluthi ya mali yenu.

Na mwambieni ukweli mapema, angali mdogo, kwa maneno mepesi na akiwa amepakatwa. Akiusikia kwanza kwa jirani akiwa na miaka kumi na mitano, atawaona nyote wawili waongo. Baba mkwe msimjibu kwa ukali. Mumeo ndiye aende, amsomee aya hizo, amweleze na habari ya dada yake kunyonyesha.