Hamira ipi kwa bia ipi? Maswali yenu

Ndiyo kwanza naanza kutengeneza bia nyumbani. Nikinunua hamira kavu ya aina moja tu, iwe ipi?

US-05. Haina makeke, inachachua na kuacha kimea na hopsi (maua yanayotia bia uchungu) vijitambulishe vyenyewe, kwa hiyo inafaa peili eli, IPA (peili eli yenye hopsi nyingi) na hata stauti. Pakiti moja ya gramu 11.5 inatosha lita 20 za bia ya nguvu ya kawaida. Ila huchelewa kutulia. Ukitaka bia iangaze mapema, yenye ladha ya Kiingereza, chukua S-04.

Chumba changu hufika nyuzi 28 na sina friji ya ziada. Nitapataje laga?

Hupati. W-34/70 ni hamira ya laga iliyo mvumilivu, lakini hata yenyewe ikipita nyuzi 20 unaanza kubahatisha. Wengi huchagua bia kwanza, kisha hamira, na kipimajoto huja mwisho. Mimi ningeanza na kipimajoto, tena kilichobandikwa kwenye ndoo, kwa sababu bia inayochacha hupata joto kuliko hewa ya chumbani. Kwa nyuzi 28 tumia Voss, hamira ya asili ya Norwe inayofanya kazi hata kwenye nyuzi 40 na kuacha harufu ya chungwa. Siku ukipata friji, rudi kwenye laga, na uweke pakiti mbili.

Bia yangu ya ngano inanukia karafuu tu, ndizi sizisikii. Nibadilishe hamira?

Hapana, pandisha joto. Munich Classic, hamira ya bia ya ngano, kwenye nyuzi 17 huelemea karafuu; jaribu 21 au 22.

Chupa zangu za saison, bia ya Kibelgiji, zimeanza kupasuka mwezi mmoja baada ya kujaza. Sukari nilipima vizuri. Nilitumia Belle Saison.

Sukari haina kosa. Belle Saison, kama BE-134, ni ya kundi la diastaticus: hutoa kimeng'enya kinachokata sukari ndefu ambazo hamira nyingine huziacha, kisha huzila polepole. Mapovu yakikoma unadhani imemaliza, kumbe bado inatafuna, na gesi yote hiyo inabanwa chupani. Kabla ya kujaza, haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, isome namba ileile kwa siku kadhaa. Usishangae ikishuka hadi 1.002 au chini zaidi. Chupa zilizobaki zitie kwenye baridi sasa hivi, ukiwa umevaa glavu na miwani, kisha uzifungue taratibu kupunguza gesi. Mipira na mabomba ya plastiki yaliyogusa hamira hiyo yatengee saison peke yake. Mabaki kidogo tu yanatosha kuharibu bia inayofuata.

Lazima niloweke hamira kavu kwanza?

Si lazima, nyunyiza juu ya maji ya kimea. Kwa bia kali sana ningeiloweka dakika 15 kwenye maji safi ya vuguvugu.

Na hamira ya mkate?

Itachachua, na Wafini huitumia kwenye sahti, bia yao ya kienyeji. Kwa IPA, hapana.