Barua za Wasomaji: Ndani ya Zimwi Kulikuwa na Mtu

Toleo lililopita niliisifu Alien: Romulus, filamu ya mwaka 2024 ya zimwi la angani, kwa aya tatu tu, nikawaomba mlioitazama mniandikie. Mmeandika, na hamkubaliani hata kidogo. Nimechagua barua nne. Ambaye bado hajaitazama na hataki kuharibiwa uhondo auweke ukurasa huu pembeni kwanza, maana nitayataja ya mwanzo mpaka ya mwisho.

*Dada, shikamoo. Nimezitazama filamu zote za Alien tangu ile ya kwanza, na hii mpya naiona kiporo. Stelingi ni msichana kama zamani, roboti mwenye sura ya mtu yumo, kampuni ni ile ile. Hata maneno ambayo Ripley, stelingi wa zile za zamani, alimfokea yule mama wa mazimwi mwaka 1986, Andy, huyo roboti, kapewa ayarudie. Wameishiwa? Halafu mdogo wangu anataka kuanza kuzitazama, aanze na ipi? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Kwenye maneno ya Ripley tuko pamoja. Ripley aliyatamka akimtetea mtoto, amejifunga ndani ya mashine ya kubebea mizigo, na yalimtoka kwa uchungu wa mzazi. Andy hana alikoyasikia. Ukumbi nilioketi mimi ulishangilia, ila mimi niliona Andy ametoweka kwa sekunde mbili, amebaki mwandishi anayetukumbusha picha aliyoipenda utotoni.

Lakini viporo havilingani. Kuna kinachopashwa tu moto, na kuna kile mama anachokiongezea tui na pilipili mbichi alfajiri, nyumba nzima ikaamka kwa harufu. Fede Álvarez, huyu mwongozaji wa Uruguay, ameongeza tui lake mwenyewe. Tangu 1979 tunajua damu ya zimwi ni tindikali, ukilipiga risasi chombo kinatoboka sakafu hadi sakafu. Yeye akajiuliza: je, mvutano unaoshikilia vitu sakafuni ukizimwa? Rain, yule msichana stelingi, anauzima, anafyatua, mazimwi yanapasuka, na damu haianguki. Inabaki inaelea kwenye ujia, nyuzi nyuzi na matone, inazunguka polepole, na yeye inabidi apenye katikati yake kama mtu anayeogelea kati ya nyavu zenye ndoano. Nilijikuta nimepandisha miguu juu ya kiti. Katika filamu ya Ridley Scott ya 1979, ya James Cameron ya 1986 na za waliowafuata, kitu hicho sikukiona.

Mdogo wako aanze na ya 1979. Kwa kalenda ya hadithi yenyewe, ile ni mwaka 2122, Romulus ni 2142, na ya Cameron ni 2179. Hii mpya ataielewa hata akianza nayo, ila yale mabaki ya Nostromo, chombo cha filamu ile ya kwanza, yanayoelea gizani mwanzoni yatampita kama vyuma chakavu.

*Kijana wangu ana miaka 14 na ananisumbua nimruhusu aitazame, anasema wenzake wote wameiona. Nifanyeje? – Mama, Mombasa*

Asubiri, mama yangu. Marekani yenyewe imeiwekea daraja la R, aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mtu mzima. Meno ya zimwi hayanipi shaka, watoto wanaona meno kila siku kwenye michezo ya kompyuta. Shaka yangu ni Kay, msichana mjamzito, na jinsi anavyojifungua. Hiyo ni picha ambayo mtoto hana pa kuiweka. Na akija kuitazama siku moja, kaa naye.

*Dada, mimi niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Niliitazama kwenye simu usiku, kazi zilipoisha. Wengine wanazungumzia zimwi, mimi nililia mwanzoni kabisa, zimwi halijatokea, pale Rain anapokwenda ofisini kuomba aondoke. Mkataba wangu nao uliwahi kuongezwa bila mimi kuulizwa. Je, niliielewa vibaya? – Msomaji, Oman*

Pole sana, mdogo wangu. Umeielewa kuliko wengi walioniandikia kurasa mbili juu ya zimwi.

Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu. Rain amekwenda na furaha yake, saa 12,000 alizotakiwa kufanya kazi zimetimia. Karani anagusa kioo, hesabu inapanda hadi 24,000, anamwambia arudi akafanye kazi mgodini, na anamshukuru kwa niaba ya kampuni. Hakuna kelele, hakuna damu. Koloni lenyewe halioni jua. Ndiyo maana wale vijana wanapanda kwenye kituo cha angani kilichotelekezwa: hawatafuti ushujaa, wanakwenda kuiba vile vitanda vya usingizi mrefu wapate kufika Yvaga, mahali penye jua. Hata ile ya 1979 ilikuwa hadithi ya wafanyakazi. Mafundi wa chombo, Parker na Brett, wanaanza kwa kulalamikia mgawo wao wa malipo mezani, na baadaye sana ndipo inajulikana kwamba kampuni ilishatoa amri ya siri: kiumbe kiletwe, wafanyakazi si hoja.

Kwa hiyo ulipolia, ulilia mahali penyewe. Natumaini saa zako zinahesabika vizuri sasa.

*Shikamoo dada. Mwigizaji Ian Holm alifariki mwaka 2020, na 2024 nikamkuta kwenye filamu hii anaongea, nusu ya mwili imekatika. Nilisikia kichefuchefu. Kwetu aliyekufa anasitiriwa. Nasikia familia iliridhia. Inatosha? – Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa mzima.

Kwanza yaliyotendeka. Rook, yule roboti aliyekatika kiunoni, ni wa aina moja na Ash ambaye Holm alimwigiza mwaka 1979. Mafundi wa Legacy Effects walitengeneza sanamu yenye mitambo ndani, mwigizaji mwingine, Daniel Betts, akatoa sauti na mienendo ya uso, na juu yake wakapaka kazi ya kompyuta. Mjane wa Holm aliombwa ruhusa akaitoa. Álvarez mwenyewe alikiri baadaye kwamba muda uliwabana, na toleo la kutazamia nyumbani likarekebishwa ili sanamu ionekane zaidi na kompyuta ipungue. Nimelitazama toleo hilo pia. Lina nafuu, ila bado midomo inatangulia na macho yanafuata.

Ruhusa ya mjane inamaliza neno la familia, na hapo mimi na wewe hatuna la kuongeza. Kwangu mimi mtazamaji inabaki hivi: uso ule hauna mwili nyuma yake. Mtazame Andy hapo hapo pembeni. David Jonsson, anayemwigiza, anaanza akiwa amekunja mabega, anasitasita, anasema vichekesho alivyofundishwa na baba yake Rain. Anapowekewa kile kifaa cha Rook, shingo inanyooka, sauti inakauka, anaacha kumtazama Rain kama dada. Hakuna kompyuta pale. Ni kijana mmoja na mgongo wake.

Na hili la mwili nina sababu ya kulishikilia.

Mwaka 1988, Ngamiani, Tanga, nilikuwa na miaka 14. Nilimchukua mdogo wangu wa miaka 9 tukaingia kibanda umiza bila mama kujua. Madirisha yalizibwa kwa magunia, televisheni ya chogo imewekwa juu ya kabati, benchi la mbao lenye msumari uliotokeza ambao wenyeji wote waliukwepa. Mkanda ulikuwa wa Alien, umechakaa, picha inakatwa na mistari. Mdogo wangu alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma hadi kwenye viungo. Siku hiyo magoti yalikuwa yamemuanza na mimi nilijua, lakini alinibembeleza.

Mwishoni, Ripley anapodhani ameokoka, zimwi limejikunja kati ya mabomba ya kile chombo kidogo. Mkono unateleza nje. Halirukii mtu. Linajinyoosha taratibu sana, kama limelala. Kibanda kizima kilipiga kelele, wengine wakakimbilia mlangoni. Mdogo wangu hakukimbia. Aliniambia sikioni: "Dada, lile linaumwa. Linaamka kama mimi."

Miaka mingi baadaye, nimeshaanza kuandika ukurasa huu, ndipo nilipomsoma Bolaji Badejo. Mnigeria, mzaliwa wa Lagos mwaka 1953, mwanafunzi wa sanaa London. Walimkuta kwenye baa, mrefu kupita mita mbili, mwembamba, mwenye miguu mirefu ambayo Ridley Scott alikuwa akiitafuta ili watazamaji wasiweze kuamini kuwa ndani ya vazi mna mtu. Walimfundisha kutembea upya. Mkia wa vazi ulimzuia kukaa kitini, wakamtengenezea bembea ya kupumzikia kati ya picha na picha. Ilikuwa filamu yake ya pekee. Akarudi Nigeria, na mwaka 1992 akafa kwa selimundu, na miaka 39 tu.

Sisemi alikuwa akiumwa siku waliyopiga picha ile, wala sisemi mtoto wa miaka 9 aligundua ugonjwa kupitia ngozi ya mpira. Nasema aliuona mwili. Aliuona kwenye mkanda uliochakaa, kupitia mistari, na akautambua. Mdogo wangu tulimzika mwaka 1996.

Kwa hiyo nilipofika mwisho wa Romulus, pale anapotokea yule kiumbe wa Kay, mrefu, uso kama wa mtu anayetabasamu, nilijua kabla ya kusoma popote kwamba yumo mtu. Ni Robert Bobroczkyi wa Romania, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, ana zaidi ya mita 2.3. Wasomaji wengine mmeniandikia kwamba mlicheka alipotokea. Mimi niliyaangalia magoti yake.

Ile ya 1979 ikiisha huwa siizimi. Naacha majina yapande. Ian Holm yumo, halafu Yaphet Kotto, halafu jina la Badejo, na pembeni yake neno moja: Alien. Hapo ndipo ninapogandisha picha kidogo.